Namba Ikitazama Juu

Kwa desturi ya timu ile, msimu ukiisha kila mchezaji hurudisha jezi yake ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Siku ya usajili kamati huzipanga mezani. Namba ikitazama juu, umebaki. Ikilala chini, umeachwa.

Nyange, kipa mkongwe, aliingia akiwa na hakika kwamba ameachwa. Akaikuta jezi yake ikitazama juu. Pembeni yake, ile ya Lukwaro, kipa wa akiba ambaye Nyange mwenyewe ndiye aliyemfundisha kudaka, ilikuwa imelala kifudifudi.

"Fedha iliyopo ni ya kipa mmoja tu, ndugu yangu," mwenyekiti alisema. "Tumeona tusikuvunjie heshima."

Nyange aliitazama ile jezi iliyolala. Msimu mzima, mazoezini, mashuti kama yale yaliyompita yeye, Lukwaro alikuwa akiyadaka bila hata kuruka.

"Heshima yangu iko kwenye mikono ya yule kijana," akasema. "Mkimwacha yeye, ndipo mtakuwa mmenivunjia."

Akaigeuza jezi ya Lukwaro ikatazama juu. Ya kwake akailaza chini, akainyoosha kwa kiganja mpaka ikakosa kunyanzi.

Alipotoka nje, wachezaji waliokuwa wakisubiri zamu zao walimwona anatembea kifua mbele kama siku waliyotwaa kombe. Akamwendea Lukwaro.

"Ingia. Wakikwambia upunguze mshahara, waambie umefundishwa na Nyange."

Lukwaro akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akaukazia macho ule mlango kama anayemtazama mpigaji penalti.