Mguu wa Nne

Katika ukoo wetu wote, mtu asiyeingilia mambo ya watu ni mimi. Sasa sogeeni niwaambie mambo ya Shangazi.

Jumanne moja Shangazi alirudi kutoka kula chakula cha mchana, akaingia chumba namba tatu cha ukumbi wa sanaa anachokilinda, akahesabu miguu ya kiti. Akahesabu tena. Ilikuwa minne.

Asubuhi ilikuwa mitatu.

Kiti chenyewe hakikuwa cha kukalia. Ndicho kilichokuwa gumzo la maonyesho yale yote ya sanaa. Kimewekwa peke yake chini ya taa, kimelalia upande kama mlevi anayetafuta ukuta, na kadi pembeni imeandikwa "Haki Sawa". Msanii alikuwa ameng'oa mguu mmoja kwa makusudi, na hapo ndipo mji mzima ulipogawanyika. Redioni walibishana wiki mbili. Mmoja alisema ni tusi kwa wakubwa. Mwingine akasema wakubwa wenyewe ndivyo walivyokaa. Wa tatu akasema sanaa ni picha inayofanana na mtu, basi, hayo mengine ni kuni. Huyo wa tatu nilimuunga mkono.

Kinyozi wa mtaani kwetu, asije akaonekana mshamba, akang'oa mguu wa benchi lake la wateja. Siku ya pili mzee mmoja alianguka na povu kidevuni, benchi likapelekwa kutengenezwa.

Shangazi hakuwa na upande. Yeye alilalamika tu, kila jioni akivua viatu.

"Kutwa nzima nakitazama kile kiti, nasikia kama ni mimi ninayeanguka. Hivi hakuna wa kukionea huruma?"

Jumanne hiyo, saa saba mchana, akatokea wa kukionea huruma.

Wageni kama thelathini walimwona. Jamaa wa ovaroli ya buluu aliingia na mfuko wa turubai, akaruka kamba, akapiga magoti. Akatoa mguu uliokwisha kuchongwa, mbao ya aina ileile, rangi ileile. Akapaka gundi, akauingiza kwenye tundu lake, akagonga mara tatu kwa nyundo ya mbao, akafuta kwa kidole gundi iliyozidi. Hakutumia msumari hata mmoja. Kazi safi, jamani, hata adui angekubali.

Na hakuna aliyemzuia. Wangemzuiaje? Chumba cha pili kulikuwa na dada anayeshinda ndani ya pipa kutwa nzima, na ndiyo sanaa yenyewe. Watu wakajua na fundi naye ni sehemu ya maonyesho. Walisimama nyuma yake, simu juu. Alipomaliza wakapiga makofi. Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, akaenda zake. Picha zote zilizopigwa zilionyesha mgongo wa ovaroli, na ovaroli za buluu mjini ni nyingi kuliko kunguru.

Mkuu wa ukumbi hakupiga makofi. Alimwita Shangazi ofisini.

"Mama, umelinda hapa miaka kumi na mmoja."

"Kumi na miwili, bosi."

"Msanii anafika Ijumaa. Ama uniletee huyo mtu, ama uniletee sare."

Shangazi ni mjane mwenye watoto watatu, na sare ile ndiyo inayowalisha. Ndugu tulikusanyika kumpoza. Baba mdogo akauliza, "Ni mtu wa aina gani huyo, anayetengeneza kitu bila kuombwa?" Mimi nikasema akipatikana achapwe hadharani, na wote wakaitikia.

Ijumaa asubuhi Shangazi akanipitia kazini.

"Nisindikize, mwanangu. Nikifukuzwa, awepo wa kunishika mkono."

Nikaacha kila kitu mezani, nikatoka nilivyo.

Ofisini tulimkuta msanii, mwanamke mfupi, sauti nzito. Alikuwa ameshakikagua kiti.

"Mwaka mzima nilihangaika kisimame vibaya vile," alisema. "Halafu mtu anakuja kukisimamisha vizuri kwa dakika kumi."

Mkuu wa ukumbi akamtazama Shangazi. Shangazi akaanza kufungua vifungo vya koti la sare, kimoja, cha pili.

Mlango ukagongwa. Akaingia bibi mmoja mwenye miwani na daftari kubwa kwapani. Shangazi alimfahamu: mwalimu mstaafu wa baiolojia, anayekuja karibu kila siku kukaa kwenye benchi la chumba namba tatu, upande wa ukutani, na kuchora kila anachokiona. Huchora vilevile alivyokuwa akichora tumbo la chura ubaoni, kila kiungo na mshale wake, kila mshale na jina lake.

"Samahani wenyewe," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Yule fundi wa Jumanne anarudia lini? Nilikaa mbele yake, uso nimeupata wote, lakini mkono wa kushoto sikuumaliza."

Akafungua daftari juu ya meza. Wote wanne tukainama.

Picha ilifanana. Jamani, ilifanana. Na mishale ilikuwepo, imepigwa kwa rula. *Nyundo ya mbao. Kovu, kidole gumba. Penseli ya seremala, sikio la kulia.*

Shangazi aliitazama picha. Akafunga vifungo vyake, kimoja, cha pili. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu," alisema, "hebu toa hiyo penseli sikioni."