Kidonge cha Mwanahawa

Siku hizi anayemeza dawa ya saratani siye anayetapika. Adha ya vidonge hubebwa na mtu wa nyumbani, na madaktari hawamfichi mtu: mbebaji akitapika, dawa inafanya kazi, asipotapika, imeshindwa.

Saratani ya titi ilipomrudia Mwanahawa na kukaidi dawa zote za dripu, mumewe Kibwana alijitolea kubeba. Tangu hapo, kidonge kikipita tu kooni kwa mke, mume mbio chooni.

Leo Mwanahawa alimwonea huruma. Apumzike japo asubuhi moja, ale vitumbua vyake kwa raha. Akaficha kidonge kiganjani, akanywa maji matupu.

"Haya, baba Zuhura, nimeshameza."

Kibwana akashika tumbo, akakimbia. Kutapika kukasikika kulekule kwa kila siku, na ndoo ya maji ikamwagwa.

Mwanahawa akafumbua kiganja. Kidonge kilikuwemo, kizima. Tangu lini?

Kibwana akarudi akijifuta midomo, anatabasamu. "Leo imenikamata barabara, mama Zuhura. Dawa yako inapiga kazi hiyo!"

"Pole, mume wangu," alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua.

Akageuka kama anayepangusa meza, akakimeza kile kidonge. Kisha akaketi, akamtazama mumewe usoni bila kupepesa.

Kibwana akajimiminia chai. Akala kitumbua cha kwanza, akala cha pili, akauliza kama kuna vingine jikoni.