Shahidi wa Kicheko

Daktari bingwa wa fizi alinipa habari njema: ugonjwa umekwisha, na meno mapya yataota ndani ya wiki sita. Kilichobaki ni shahidi. Siku hizi kliniki haimwoteshi mtu meno mpaka aje na anayekumbuka alivyokuwa akicheka, ili yaote vilevile.

Mimi sina mtu. Siku tatu nzima niliwaza, mwisho nikamwomba Bi Mwanamvua, mjane wa marehemu Kombo, anayeuza maandazi chini ya ghorofa letu. Miaka tisa nanunua kwake, na hatujavuka salamu.

"Akicheka, meno ya mbele yalikaaje?" daktari akamuuliza.

Bi Mwanamvua alinitazama muda mrefu. Hajawahi kuniona nikicheka. Hata mimi sikumbuki mara ya mwisho.

"Yalikuwa na mwanya," akasema taratibu. "Na lile la kushoto lilikuwa fupi kidogo kuliko mwenzake."

Sijapata kuwa na mwanya maishani mwangu. Lakini nilikuwa nimechoka kunywa uji, nikamwacha daktari aandike.

Meno yameota, imara kabisa, natafuna hata mifupa. Kila asubuhi Bi Mwanamvua ananitilia andazi la ziada. Haniangalii machoni, anaangalia mdomo.

Leo nilimchekea kidogo, kwa adabu tu, nikachukua mfuko wangu niondoke. Akanishika mkono.

"Cheka tena, Kombo."

Mimi naitwa Mbaruku. Nikacheka tena.