Kilio cha Hemedi

Ilikuwa mwaka 2068, wakati wa kipupwe, Hemedi alipofariki dunia mjini Tanga. Simu hazikupeleka tena maneno ya mtu asiye na wafuasi milioni moja. Kwa hiyo rambirambi zote zilizomfikia mama yake, Bi Mwanakombo, zilikuwa ubeti mmoja wa mshairi wa Bogotá, Kolombia, mwenye wafuasi hao, ambao kila mtu aliusambaza, uliotafsiriwa kutoka Kihispania: Bahari imejikunja ndani ya kikombe changu.

"Mwanangu alikuwa fundi cherehani," alisema Bi Mwanakombo. "Bahari hakuipenda hata kidogo."

Waliofika matangani nao waliusema ubeti huohuo, maana ndimi zao zilikuwa zimezoea maneno ya simu tu. Bi Mwanakombo akamngojea jirani yake, Bi Salme. Miaka ya nyuma, mume wa Bi Salme alipofariki, Bi Mwanakombo alimlilia kwa kumtaja: mguu wake uliochechemea, uchoyo wake wa kashata, hata wafiwa wakacheka huku wakitokwa na machozi. Kilio cha namna hiyo hurudishwa.

Bi Salme alipofika, aliketi mkekani, akamshika mkono.

"Nitajie mwanangu, shoga," alisema Bi Mwanakombo. "Ulimjua tangu anatambaa. Taja hata sindano alizozichomeka kwenye kola."

Bi Salme alifumba macho, akayatafuta maneno.

"Bahari," alianza. "Nisamehe, shoga. Mengine hayaji."

"Basi yamalize hayo."

Bi Salme akausema ubeti wote kwa sauti ya kilio, neno kwa neno, na hivyo ndivyo alivyolipa deni lake.