Nusu ya Mtungi

Mgeni wa kampuni ya Ulaya alikataa kiti. Mwaka uliopita mafuriko yalibomoa daraja, vitambaa vya nili vya Bi Mashavu vikakwama miezi mitatu na kiwanda chao kikasimama. Sasa walitaka watia rangi wawili, mmoja kila upande wa mto. Nusu ya kazi ingekwenda kwa Bi Zaina wa ng'ambo, na Bi Mashavu ndiye angempa chachu ya kuanzishia rangi.

"Mpe na kitanda chako kabisa!" Saumu, mmoja wa wafanyakazi wake, alisema mgeni alipoondoka, na wenzake watano wakacheka kwa uchungu. Wote walikula kwa mtungi ule wa chachu.

Bi Mashavu aliinua kifuniko, akanusa. Chachu hiyo aliachiwa na mama yake, na hapakuwa na nyingine popote. Siku ya mafuriko aliuzungushia mtungi magunia ya mchanga huku akiomba dua. Maji yalikomea vidole viwili chini ya mdomo wa mtungi.

"Bismillahi," alisema, akachota nusu, akaitia kwenye chungu.

Bi Zaina alimpokea kwenye daraja jipya. "Dada, nakuchukulia kazi, nawe unaniletea mwenyewe?"

"Inaniuma, sikufichi. Lakini chachu yangu ikifa, nitakuja kukupigia hodi. Utanifungulia?"

Bi Zaina alikipokea chungu. Alichovya kidole chunguni, akakiinua juani, na wote wawili wakakitazama kikiwa kijani, kisha kikianza, polepole, kuwa buluu, kama chachu iliyo hai ifanyavyo.