Kura Moja ya Baba Rebeka

Uso wa mumewe ulikuwa ukimtazama kutoka kwenye karatasi, pamoja na nyuso nyingine mbili, na Fidelia alikuwa ameshika kalamu bila kujua aipeleke wapi.

Ilikuwa karatasi ya udiwani. Nje ya kituturi cha kupigia kura, uwanjani mwa shule, foleni ilikuwa imejikunyata kwa baridi; ukungu wa Makambako ulikuwa bado haujaachia mashamba ya viazi.

Wa kwanza kwenye karatasi alikuwa diwani wao wa siku zote. Maji yake ya bomba yalikuja kila kampeni na kuishia kwenye spika za gari la matangazo. Wa pili alitoka chama kilichojiita cha mabadiliko. Kwenye mkutano wa Lyamkena alikuwa ametukana wenzake weee, mpaka watu wakatawanyika bila kujua yeye mwenyewe angefanya nini. Wa tatu alikuwa Jofrey, baba wa watoto wake.

Chama cha Jofrey hakikuwa hata na ofisi. Walikuja wageni kutoka Njombe mjini, wakakaa sebuleni, wakanywa chai, wakasema wanatafuta mtu safi. Jofrey alikuwa mtu safi kweli. Shida yake ni kwamba hakuwahi kumwambia mtu hapana. Majirani waliazima toroli lake likarudi bila gurudumu; akalitengeneza, wakaja tena, akawapa. Siku ile pia alikubali, na wageni walipoondoka akabaki anavitazama vikombe.

"Umekubali kweli, Baba Rebeka?" Fidelia alimuuliza.

"Wametoka mbali," alijibu.

Baada ya hapo wageni hawakuonekana tena. Hata wakala wa kukaa kituoni hawakuleta.

Fidelia aliisogeza kalamu hadi kwenye kisanduku cha mumewe. Akilini akawaona wafanyabiashara wa mbao na wenye kutafuta viwanja wamejaa sebuleni na vikombe vya chai, na Jofrey anawaitikia mmoja baada ya mwingine. Wangemmaliza. Na kata nzima ingeumia kwa ajili ya upole wake.

Halafu akakumbuka alipolazwa hospitali ya Tandala. Jofrey alilala sakafuni kando ya kitanda chake, asubuhi akamfulia nguo hadharani, wanaume wenzake wakimcheka. Leo mwanamume huyo alihitaji alama moja tu ya kalamu.

Akaiweka kalamu chini. Akaikunja karatasi vilevile ilivyo, tupu, akaitumbukiza.

Jofrey, aliyekuwa ametangulia kupiga kura, alimsubiri kando ya ukuta wa shule. Jana yake alikuwa amemwambia, "Kesho piga unavyoona wewe, Mama Rebeka. Mimi sitakuuliza." Na kweli hakuuliza. Walirudi nyumbani, Jofrey akitazama chini njia nzima, na Fidelia akitembea nyuma yake kama mtu aliyemwibia na bado anakula naye.

Asubuhi iliyofuata matokeo yalikuwa yamebandikwa shuleni. Fidelia hakwenda. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na huko akamkuta Jenifer, jirani yao, aliyekuwa wakala wa kile chama cha mabadiliko na kushuhudia kuhesabu kura mwanzo hadi mwisho.

"Kamwene, Mama Rebeka."

"Kamwene."

Jenifer alijifanya anasuuza ndoo yake. "Baba Rebeka amepata moja pale kituoni kwetu."

"Moja nini?"

"Kura moja. Na mbili zimeharibika, hazikuwa na alama yoyote." Akashusha sauti. "Usiwasikilize watu. Wanasema amejipigia mwenyewe, sasa wanauliza mkewe alikuwa wapi."

Fidelia alijitwika ndoo haraka, maji yakammwagikia mabegani. Kwamba kulikuwa na mwingine aliyeshindwa kuchagua kama yeye, hilo halikumfariji. Njiani kila aliyecheka alimcheka yeye. Alijua Jofrey amekwenda kuyasoma matokeo, tena amesimama pale peke yake mbele za watu. Akajiandaa kumkuta amejiinamia.

Alimkuta jikoni, moto umeshawaka, anamenya viazi. Jofrey aliinuka akamtua ndoo kichwani, akampa kigoda chake.

"Kaa. Leo napika mimi."

"Umeyaona matokeo?"

"Nimeyaona."

"Watu wanacheka, Baba Rebeka."

"Waache wacheke." Akachukua kiazi kingine, akatabasamu. Ulikuwa uso ambao Fidelia hakuwa ameuona tangu wale wageni walipoingia mlangoni. "Mimi ile moja inanitosha."

Afadhali angempiga. Fidelia alikaa pale kwenye kigoda cha mumewe, akaangalia mikono ile iliyomfulia nguo ikimenya viazi vya kumpikia. Aliona kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka anazikwa.

"Baba Rebeka, nisamehe," alisema. "Sikukupigia. Sikumpigia yeyote. Niliikunja ikiwa tupu."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Jofrey alimtazama mkewe, na lile tabasamu likaanza kumwondoka, taratibu.

"Kumbe," alisema. "Mimi pia sikujipigia. Nilidhani ile moja ni yako."