Mafuta ya Karai

"Sema kweli! Supu ya kongoro umeinywea wapi, Ipyana au Ngonga?" Hanifa alifoka, majibu ya hospitali mkononi. Kipimo cha tezi dume cha mumewe kilikuwa kimepanda tena.

"Wallahi, mama watoto, miezi mitatu nakula mchicha wako tu. Mpaka mbuzi wananionea wivu."

"Mbuzi hawana saratani. Kula!"

Akambamizia bakuli la mchicha mezani. Mchuzi uliruka, tone moja likatua kwenye karatasi ya masharti ya daktari.

Mumewe alilifuta kwa kidole, akasoma: "Punguza mafuta ya nyama. Mafuta yaliyokaangiwa mara kwa mara usiyaguse. Huenda yanazidi kuziumiza chembe za mwili."

Siku walipopewa karatasi ile, Hanifa alisoma akaishia kwenye nyama.

Alikitazama kidole cha mumewe. Kilikuwa cheusi, kinanuka samaki mbasa. Mafuta yale aliyajua. Yalitoka kwenye karai lake la kukaangia samaki pale barazani, ambalo hakuwahi kumwaga mafuta yake tangu mwezi uliopita. Yakipungua, aliongeza mapya juu yake. Na kila jioni alichota upawa mmoja, akamuungia mgonjwa wake mboga.

"Dada, mbasa wangu hawajaiva tu?" mteja aliita kutoka nje.

Hanifa akatoka, akashika matambara mawili, akaliepua karai, akayamwaga mafuta yote kwenye shimo la majivu, pamoja na mbasa wa mteja.